Claudia Jennings, malkia wa filme za kamiyo

Mu miaka ya 1970 kule Marekani watu walimuita Claudia Jennings malkia wa sinema za motokari. Hakupata Oskari hata siku moja. Alicheza mu filme za feza kidogo, zenye zilitengenezwa mu majuma machache na zenye watu wa kazi walienda kutazama Siku ya Posho mangaribi. Alikufa tarehe 3/10/1979, akiwa na miaka 29 tu.

Tunaeleza maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, jina lake lilijulikana sana mu filme za kamiyo na barabara, na familia zetu nyingi zinajua kamiyo na barabara ni kitu gani. Ya pili, namna alikufa inagusa kila mutu mwenye kushika usukani akiwa amechoka.

Mimi wa Saint Paul

Jina lake la kweli lilikuwa Mary Eileen Chesterton. Watu wa karibu walimuita Mimi. Alizaliwa tarehe 20/12/1949 mu muji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, fasi ya baridi sana na theluji. Familia ilihamia Milwaukee, kisha Evanston, pembeni ya Chicago. Hapo alimaliza masomo ya sekondari mu 1968.

Toka masomoni alipenda teatre. Mu Chicago kulikuwa nyumba inaitwa Hull House, yenye ilianzishwa mu 1889 ili kusaidia wahamiaji maskini na familia za watu wa fabriki. Mutoto huyu aliingia mu kikundi cha teatre cha Hull House, akajifunza kusimama mbele ya watu na kusema kwa sauti yake. Wengine wenye waliandika juu yake wanasahau jambo hili. Claudia hakuokotwa ku barabara juu ya sura yake. Kazi ya kucheza alikuwa ameianza mbele.

Lakini teatre haikulisha mutu. Alitafuta kazi ya bilo, akaipata ku gazeti Playboy, lenye bilo zake zilikuwa mu Chicago. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni. Playboy ni gazeti la wanaume, lenye kuonyesha foto za wanawake bila nguo. Haikupita muda mrefu, yeye mwenyewe akaonekana mu foto hizo, mwezi wa 11 wa mwaka wa 1969. Mu 1970 wakamuchagua kuwa wa kwanza kati ya wanawake wote wa mwaka. Watu wakaanza kumujua kwa jina la Claudia Jennings.

Gazeti letu linasomwa na watoto pia, lakini hatuwezi kuficha jambo hili, maana bila hilo hadisi yake haieleweke. Foto zile njo zilimufungulia njia ya kwenda California. Na foto zilezile, tutaona mbele, njo zilimufungia mulango mukubwa kuliko yote.

Sinema ya inje

Tueleze kwanza fasi kwenye filme zake zilionyeshwa. Mu mwezi wa sita wa mwaka wa 1933, mutu mumoja anaitwa Richard Hollingshead alifungua karibu na muji wa Camden, jimbo la New Jersey, sinema yenye watu walitazama wakiwa ndani ya motokari yao. Kila motokari ilisimama juu ya kilima kidogo cha udongo, ili pua yake iangalie juu na wenye kuwa nyuma waone vizuri. Walilipa senti 25 kwa motokari, na senti 25 tena kwa kila mutu.

Kisha vita ya pili ya dunia, sinema hizo ziliongezeka sana. Mwisho wa miaka ya 1950 zilipita 4,000 mu Marekani. Zilipendwa na familia za watu wa kazi. Baba alikuja na nguo za kazi, hakuna mwenye alimucheka. Mama hakutafuta mutu wa kubakia na watoto, maana mutoto mudogo alilala ku kiti cha nyuma. Sauti ilitoka mu kisanduku kidogo chenye walitundika ku dirisha. Mara nyingi usiku mumoja walionyesha filme mbili, na kati ya filme ya kwanza na ya pili watu walienda kununua vya kula.

Kompanyi kubwa za Hollywood zilitanguliza filme zao mpya mu sinema nzuri za mu miji. Sinema za motokari zilibakia na njaa ya filme. Basi kompanyi ndogo zikaingia mu nafasi hiyo: American International Pictures, na New World Pictures ya Roger Corman, yenye ilianza mu 1970, pamoja na zingine ndogo zaidi. Ufundi wao ulikuwa mwepesi. Tafuta jina lenye kuvuta watu. Chora afishe kubwa, yenye mwanamuke muzuri, motokari yenye kupinduka, na moto. Kisha tengeneza filme yenyewe kwa haraka, na feza kidogo. Wakati mwingine afishe ilitangulia hata filme.

Kwa afishe kama hizo, Claudia alifaa kabisa. Wenye filme walitaka sura yake na mwili wake. Wakapata pia mutu mwenye kujua kazi.

Kamiyo zinaingia mu sinema

Mu mwezi wa 11 wa mwaka wa 1971, televizio ya Marekani ilionyesha filme inaitwa Duel. Aliyeiongoza alikuwa kijana wa miaka 24, Steven Spielberg. Hadisi ni ndogo: kamiyo kubwa ya mafuta inafukuza motokari ndogo mu barabara ya jangwa, na uso wa shofere hauonekane. Watu walitambua kwamba kamiyo yenyewe inaweza kuwa muchezaji.

Kisha kulitokea jambo kubwa zaidi ya sinema. Mu mwezi wa 10 wa mwaka wa 1973, inchi za Waarabu zenye mafuta zilikataa kuiuzishia Marekani. Bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne. Mu mwezi wa kwanza wa 1974 serikali ikatia sheria: hakuna motokari inapaswa kupita maili 55, ni kusema karibu kilometa 88 kwa saa. Shofere mwenye kulipwa kwa urefu wa safari, ukimupunguzia mwendo, unamupunguzia mushahara. Na mwenye alinunua kamiyo yake kwa deni ya banki, mazutu ikipanda bei, deni haimungojee. Mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974 mashofere wengi waligoma kazi. Wengine walifunga barabara na kamiyo zao. Mu redio ndogo za mu kamiyo walipashana habari: fasi kwenye polisi inajificha, na fasi kwenye mafuta ingali inapatikana.

Toka wakati ule shofere wa kamiyo akawa shujaa wa sinema. Mu 1975 ilitoka White Line Fever ya Jonathan Kaplan, juu ya kijana mwenye kununua kamiyo, mwenye kukataa kubeba mizigo ya magendo, na mwenye kupigwa kwa sababu ya kukataa. Mu 1977 ilikuja ile yenye wasomaji wa Kifaransa wanaijua kwa jina la Cours après moi shérif, pamoja na Burt Reynolds, na mu 1978 Le Convoi ya Sam Peckinpah. Hizo za mwisho zilikuwa na feza mingi. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa na filme ndogo, na kati ya hizo kulikuwa moja ya Claudia.

Mama, binti, na kamiyo za wizi

Filme hiyo inaitwa Truck Stop Women. Ilitoka mu 1974, na iliongozwa na Mark Lester. Mama mumoja, Anna, anaongoza fasi kwenye kamiyo zinasimama mu New Mexico. Mu macho ya watu anauzisha mafuta na chakula. Kwa siri, wanawake wake wanalala na mashofere kwa feza, na kikundi chake kinaiba kamiyo pamoja na mizigo yake. Watu wa mafia wanatoka upande wa mashariki, wanataka kumunyanganya biashara. Rose, binti ya Anna, amechoka kuwa chini ya mama. Anataka feza yake na njia yake. Basi anasikilizana na maadui wa mama yake.

Claudia njo alikuwa Rose. Mama alichezwa na Lieux Dressler. Hatutasema kama ile ni filme ya kuonyesha watoto. Kuna fasi nyingi kwenye wanavulisha wanawake nguo bila hadisi kuomba vile, na damu inamwangika mingi. Lakini wakati mama na binti wanatazamana, filme inabadilika. Mama alijenga kitu kwa mikono yake na hataki kukiacha. Binti anaona kwamba mama hatamuachia nafasi hata siku moja. Hasira ile haiko ya mafia. Iko ya nyumba yoyote. Claudia anaicheza bila kulia na bila kupiga kelele, na unaanza kumuonea huruma hata ukijua kwamba anakosa.

Kitu kingine chenye kupendeza ni kamiyo zenyewe. Wakati ule hakukuwa kompyuta ya kutengeneza picha za uongo. Kamiyo yenye kupinduka mu filme ilikuwa kamiyo ya chuma, na kulikuwa mutu mwenye aliiendesha.

Kazi juu ya kazi

Mbele ya filme hiyo, mu 1972, Claudia alikuwa amecheza mu Unholy Rollers. Alikuwa binti mwenye kuacha kazi ya fabriki ili aingie mu muchezo wa kukimbia na viatu vya magurudumu, muchezo wenye watu wanapigana wakikimbia. Mu 1974, mwaka uleule wa filme ya kamiyo, alicheza mu Gator Bait, juu ya mwanamuke maskini mwenye kuishi kwa kuwinda mu mabwawa ya Louisiana. Wanaume wanashambulia familia yake, naye anawalipiza mumoja mumoja, mu maji na matope, bila viatu.

Mu 1976 ilitoka The Great Texas Dynamite Chase. Yeye na Jocelyn Jones wanaiba banki za Texas kwa kutumia baruti. Mwanamuke wa Claudia alitoroka gereza, na feza ya kwanza anaiba ili banki isinyanganye shamba ya familia yake. Ninyi wenye munatumika na baruti mu kariere, mutacheka mukiona namna wanaiwasha na kuitupa kama mutu anatupa jiwe. Tafazali, musijaribu. Mu 1977 ikafuata Moonshine County Express: baba mwenye kupika pombe ya kukatazwa, ni kusema lutuku ya kwao, anauawa, na mabinti wake watatu wanaendelea na biashara, wakishindana na mukubwa wa eneo. Claudia ni mumoja wa mabinti hao.

Mukiziweka filme hizo pamoja, munaona jambo moja linarudia. Mwanamuke amenyanganywa kitu: shamba, baba, kazi, ao nafasi yake. Hakuna polisi ya kumusaidia. Basi yeye mwenyewe anashika usukani, ao bunduki, ao baruti. Wanaume walilipa ili waone sura yake, lakini wake zao na mabinti zao walikuwa pia ndani ya motokari, na wao walimuona mwanamuke mwenye hangojee kuokolewa. Tunafikiri ni kwa sababu hiyo jina lake lilibakia wakati majina ya wengi wenye walikuwa ku afishe kama yeye yamesahauliwa.

Mulango wenye haukufunguka

Claudia alitaka kutoka mu filme za haraka. Alionekana kidogo mu 40 Carats ya 1973, na kwa muda mufupi sana mu The Man Who Fell to Earth ya 1976, pamoja na muimbaji David Bowie, lakini jina lake halikuandikwa ku mwisho wa filme. Alipita pia mu televizio, lakini kila mara kwa usiku mumoja tu.

Mu 1979 alipata nafasi yenye wachezaji wengi waliiota. Mu Charlie's Angels, yenye sisi tunaijua kwa Kifaransa kwa jina la Drôles de dames, Kate Jackson alikuwa ameacha kazi. Walitafuta mwanamuke wa kuchukua kiti chake. Claudia alikuwa kati ya wenye kujaribiwa. Ingekuwa mushahara wa kila juma, na nyumba zote za Marekani zingemuona. Kazi ilipewa Shelley Hack. Wengi wanaeleza kwamba wakubwa wa televizio waliogopa foto za Playboy, zenye zilikuwa zimepita miaka kumi.

Hapa tunasimama kidogo. Televizio ile yenyewe ilijulikana kwa kuonyesha wanawake wazuri wenye nguo kidogo, na ilipata feza mingi kwa njia hiyo. Lakini mwanamuke mwenye aliuzisha sura yake mbele, wakati alikuwa karani mudogo wa ku mulango, waliona kwamba hafai. Faida waliipenda, haya walimuachia yeye peke yake. Mambo ya namna hii hayako ya Marekani peke yake. Mu mitaa yetu pia kuna mabinti wenye wanahukumiwa miaka mingi kwa jambo moja la ujana, na wenye kuwahukumu njo walikula faida.

Mu mwaka uleule wa 1979 ilitoka filme yake Fast Company. Iliongozwa na David Cronenberg, mutu wa Canada mwenye alikuja kujulikana sana kisha, na walikuwa wameipiga mu jimbo la Alberta. Ni hadisi ya watu wenye kushindanisha motokari za mwendo mukali, wenye kusafiri na kamiyo yao toka muji hadi muji, na kompanyi ya mafuta yenye kuwalipa na kuwaonea. Claudia anacheza muchumba wa dereva mukubwa. Ni kazi ya utulivu, bila fujo, na mutu anaona kwamba angeweza kufanya mambo mengine mengi. Ikawa filme yake ya mwisho.

Asubui ya Malibu

Asubui ya tarehe 3/10/1979 Claudia alikuwa peke yake mu Volkswagen yake ndogo, mu barabara yenye kufuata bahari ya Pasifiki, upande wa Malibu, karibu na Los Angeles. Usingizi ulimushika ku usukani. Motokari yake ilivuka mustari, ikagongana na kamiyo ndogo yenye ilikuwa inakuja. Alikufa palepale barabarani. Zilibakia siku 78 tu ili afikishe miaka 30.

Mu filme alikimbiza motokari mbele ya polisi, akapita mu moto na mu baruti, na kila mara alishuka akiwa muzima, juu watu wa kazi walikuwa wamepima kila kitu mbele. Asubui ile hakukuwa mutu wa kupima. Barabara ilikuwa ya kila siku, motokari ya kila siku, na uchovu wa kila siku.

Sinema za motokari nazo hazikudumu. Viwanja vikapanda bei, watu wakanunua televizio ya rangi, kisha kaseti za video zikaingia mu nyumba. Mu miaka ya 1980 sinema nyingi zilifungwa, na filme za kamiyo zikaisha pamoja nazo. Zile za Claudia ziliokolewa na kaseti, na leo zingali zinatazamwa, hata na watu wenye walizaliwa kisha yeye kufa.

Familia zetu zinajua asubui ya kutoka ku kazi ya usiku. Mutu ametumika masaa yote, macho yanawaka, lakini nyumbani ni karibu, na anajiambia kwamba atafika tu. Kufungua dirisha hakuondoe usingizi. Kupandisha redio hakuondoe pia. Mutu anaweza kulala kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu bila kujua kwamba amelala, na kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, muda ule motokari inapita zaidi ya metre 60 bila mutu wa kuiongoza. Dawa ni moja: kutoka ku barabara, kusimama fasi ya salama, na kulala, hata kwa dakika 20. Mama, bwana akichelewa kwa sababu alisimama kulala, usimugombeze. Na wewe baba, ukiona shofere wa motokari yenye inawarudisha nyumbani anasinzia, mwambie asimame, hata kama wengine mu kiti wanapiga kelele kwamba wanataka kufika mbio.